Muulize Ami: Mbwa mweusi wa Suffolk

Mwezi huu sanduku langu limejaa mbwa. Kuna klipu imezunguka kwenye simu kuanzia Amu mpaka Malindi, kijana anasimulia habari za mbwa mweusi aliyeingia kanisani Uingereza akaua watu, halafu inakuja picha ya mlango wenye alama nyeusi kama makucha. Kila mtu ametumiwa, kila mtu ametuma, na wengi wenu mkaniandikia. Nimechagua barua chache, zingine zilikuwa zinauliza jambo lile lile. Wenye maswali ya ndoa na mirathi mnisubiri toleo lijalo, mnisamehe.

Shikamoo Ami. Dadangu yuko Uingereza, sehemu inaitwa Suffolk, analea wazee kwenye makao ya wazee. Shifti yake inaisha saa nne usiku na anarudi kwa baiskeli, njia ya mashambani haina taa hata moja. Sasa ajuza mmoja anayemhudumia amemwambia huko kuna mbwa mweusi anaitwa Black Shuck, ukikutana naye macho kwa macho mwaka hauishi ushakufa. Tangu siku hiyo dadangu hataki shifti za usiku, na mamangu naye hapa hali halali, anataka tumpelekee kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani. Kuna ukweli ama huyo bibi anamtisha tu? Msomaji, Langoni.

Marahaba mwanangu. Huyo bibi hakutunga, hayo ni masimulizi ya kwao kweli na amelelewa nayo. Ule upande wa mashariki ya Uingereza, Suffolk na Norfolk, vijiji vingi vina mtu aliyemuona huyo mbwa au ambaye babu yake alimuona. Wanamueleza ni mweusi, manyoya timtim, mkubwa kama ndama, macho mekundu kama visahani vya chai, wengine wanasema ana jicho moja tu katikati ya uso. Anapita njia za pwani, makaburini na kwenye vinamasi, na kuna wasiomuona kabisa, wanasikia tu pumzi nyuma yao na wakigeuka hakuna kitu.

Ila hayo mauaji ya kwenye klipu yana tarehe, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 4 Agosti 1577, asubuhi, watu wako ibadani kwenye kanisa la St Mary's mji wa Bungay, mara mbingu ikaingia giza, mvua, ngurumo, radi. Mwaka huo huo kikatoka kijitabu London, mwandishi wake Abraham Fleming, kinasema ndani ya ile tufani aliingia mbwa mweusi, akakimbia katikati ya waumini, akapita baina ya watu wawili waliokuwa wamepiga magoti akawavunja shingo wote wawili pale pale, na wa tatu akamshika mgongo, yule hakufa lakini alinywea kama kipande cha ngozi kilichobabuka motoni. Halafu siku ile ile akatokea kanisa la Blythburgh, akaua wanaume wawili na kijana mmoja, na mwengine akaungua mkono.

Sasa hebu tulia nikusomee yale ambayo kijana wa klipu ameyaruka. Kijitabu hicho hicho kinasema nyaya na magurudumu ya saa ya kanisa yalipindwa yakakatika vipande vipande. Kinasema pia karani wa kanisa alikuwa juu anasafisha mfereji wa maji ya mvua, ngurumo ikapiga akaanguka chini, na zaidi ya kuanguka hakupata dhara lolote. Mbwa ana haja gani na nyaya za saa? Radi ndiyo inayotafuta chuma, inashuka mnarani, inafuata nyaya, inaingia kwa watu. Na huko Blythburgh siku hiyo mnara ulianguka ukatoboa paa la kanisa, hiyo nayo si kazi ya meno.

Halafu kuna daftari la kanisa lenyewe la Bungay, lililoandikwa na watu wa pale waliozika maiti zao. Linataja tufani, linataja wanaume wawili waliouawa kwenye chumba cha kengele mnarani wakati wa ibada. Mbwa hayumo. Fikiria mwenyewe, mnyama ameingia mbele ya mji mzima, ameua watu, kisha wenyeji wanaandika kumbukumbu zao na wanamsahau! Aliyemkumbuka ni mtu wa London, na huyo hata masafa yalimpiga chenga, aliandika kwamba kutoka Bungay mpaka Blythburgh haizidi maili 7 na ukweli ni kama maili 12.

Simuiti muongo moja kwa moja. Masimulizi ya mbwa mweusi yapo Uingereza nzima, inawezekana kuna aliyesema pale pale kwenye vurugu jamani nimeona kitu cheusi kimepita, manake radi ikipiga ndani ya nyumba mtu haoni sawasawa, ni mwanga, moshi, kelele na maiti. Lakini vijitabu vile vilikuwa biashara, vinauzwa bei rahisi, na ndani yake kuna mahubiri ya watu watubu. Tufani tupu haiuzi kama tufani yenye mbwa.

Tukirudi kwa dadako. Ile ya kufa ndani ya mwaka ni toleo moja tu la hadithi. Ukipanda kaskazini kidogo mpaka Lincolnshire mbwa ni yule yule mweusi, ila kule ni mlinzi. Kuna mwanamke mtafiti, Ethel Rudkin, alikusanya masimulizi ya kule akayachapisha 1938, na wenyeji wanasimulia jinsi mbwa anavyomsindikiza mwanamke anayetembea peke yake usiku, kuna hata aliyewasikia wanaume njiani wakisema wangemfanya hivi na vile lau si lile limbwa lililo ubavuni mwake. Na Somerset pia wana wao ambaye wanasema anaangalia watoto. Kwa hiyo mwambie dadako akiamua kumuamini basi aamini yule wa Lincolnshire, ni bei ile ile.

Na hofu ya njia yenyewe isidharauliwe. Mtu aliyezoea Langoni, nyumba zimeshikana na barazani hakukosi mtu, halafu umtie kwenye njia ya mashamba ya Suffolk usiku wa Disemba, ua wa miti huku na huku na giza limeanza tangu saa kumi alasiri, hata paka atamuona simba. Anunue taa nzuri ya baiskeli, ya mbele na ya nyuma, na ile jaketi inayong'aa, gari la kwenye kona ndilo la kuogopwa kule. Azungumze na msimamizi wake pia, pengine kuna mwenzake mwenye gari wa shifti moja wakachangia mafuta. Kuhusu kombe mwambie mama chupa ya maji haipiti ukaguzi wa airport, amsomee dua kwenye simu, inafika.

Ami mimi ni nahodha nabeba wageni Shela na Manda, si mtu wa kuamini kila kitu. Lakini mlango umeungua, picha nimeiona kwa macho yangu, kuna alama za vidole. Hiyo utasema ni radi pia? Nahodha, Shela.

Hapana, hiyo sisemi ni radi. Alama zipo kweli nahodha, sibishi, ni za mlango wa kaskazini wa kanisa la Holy Trinity pale Blythburgh, na wenyeji wanaziita alama za vidole vya shetani. Zilionekana 1933 mlango uliposafishwa. Ila jambo moja ulishike, yule Fleming alisema alama za makucha zilibaki kwenye mawe na mlango wa Bungay. Mlango wa kwenye picha yako ni wa kanisa la pili. Hadithi imehamisha mlango maili 12 na hakuna aliyelipa nauli.

Kilichozichoma ni nini basi? Ukizitazama kwa karibu zina umbo la tone la maji, zimechongoka juu na chini zimevimba kidogo. Alama za aina hiyo zimejaa kwenye nyumba kongwe za Uingereza, kwenye nguzo za mekoni, kwenye miimo ya milango, hata kwenye mabanda ya ng'ombe. Zamani watu walidhani ni mishumaa iliyosahauliwa. Watafiti wakajaribu wenyewe na mbao na mishumaa, wakaona ili upate umbo lile inabidi uushike moto karibu na ubao, umeinama, kwa dakika kadhaa, na uwe umekusudia. Bahati mbaya haichomi hivyo. Wengi wao sasa wanaona watu walikuwa wakizichoma makusudi kama kinga, moto mdogo wa kuzuia moto mkubwa na radi. Kama za Blythburgh ni za namna hiyo, na mimi naona ndivyo, basi aliyechoma mlango alikuwa anamfukuza shetani, na sasa shetani ndiye anayepewa sifa ya kazi yake.

Wewe nahodha unajua milango ya Mkomani na aya zilizochongwa juu yake, na hirizi zilizopachikwa ndani ya vizingiti. Hilo halihitaji maelezo marefu kwako.

Ami, cousin wangu anasema mifupa ya huyo mbwa imechimbuliwa na ina urefu wa futi saba. Ni kweli? Mwanafunzi, Mpeketoni.

Mifupa ya mbwa imechimbuliwa, ndio, kwenye magofu ya Leiston Abbey, huko huko Suffolk. Magazeti ya Uingereza 2014 yakaikamata yakaandika ndiye Black Shuck, futi saba, jini limepatikana. Waliochimba wenyewe walisema ni mbwa mkubwa tu wa kufugwa, pengine wa kuwindia, kazikwa vizuri kama mtu anavyomzika mbwa aliyempenda. Hizo futi saba ni ukimsimamisha kwa miguu ya nyuma na wewe unataka kuuza gazeti. Soma vizuri mtihani uko karibu.

Ndugu Ami, sisi tunaambiwa washamba kwa kuamini majini na popobawa. Kumbe Wazungu nao wana yao na hawaoni haya, wanaiweka mpaka kwenye utalii. Kwa nini yetu iitwe ushirikina na yao iitwe utamaduni? Mwalimu, Malindi.

Mwalimu, swali lako limenipendeza na limeniuma kidogo. Ni kweli hawaoni haya. Ukifika Bungay leo huyo mbwa yuko kwenye nembo ya mji, kakanyaga radi, na katikati ya mji kuna nguzo yenye kishale cha upepo, mbwa yuko juu yake anakimbia. Mnyama anayesemekana aliua mababu zao ndiye anawaonyesha upepo unatoka wapi.

Na si Bungay peke yake. Ukienda upande wa pili wa nchi, kusini magharibi, kwenye nyanda za Dartmoor, kuna kijiji kinaitwa Widecombe. Tarehe 21 Oktoba 1638, tena watu wako kanisani, tena tufani, wakaona mpira wa moto umeingia ndani, watu 4 wakafa na kama 60 wakaumia. Ni miaka 61 baada ya Bungay. Huku mbwa hakuja, alikuja shetani mwenyewe kumfuata mcheza kamari anaitwa Jan Reynolds aliyesinzia kanisani na karata mkononi. Wanasimulia kwamba shetani akiwa njiani alisimama kwenye baa ya kijiji cha Poundsgate kuuliza njia, akaagiza bia, na ile bia ikachemka tssss ilivyokuwa inashuka kooni, halafu baada ya kuondoka mwenye baa akakuta pesa alizolipwa zimegeuka majani makavu. Mimi hapo kwenye majani ndipo nilipompenda huyo shetani, hata kwenye hadithi kuna mteja asiyelipa. Na mwalimu mwenzio wa kijiji kile alitunga shairi la ile tufani, mbao zenye shairi ziko ukutani kanisani hadi leo.

Kwa nini kila mara kanisa? Kwa sababu mnara ndio ulikuwa kitu kirefu kuliko vyote kijijini na nguzo za kuzuia radi hazijavumbuliwa mpaka karne ya 18. Na mbaya zaidi watu waliamini mlio wa kengele unafukuza radi, kwa hiyo tufani ikija wao wanapanda mnarani kuvuta kamba zilizolowa. Ufaransa walihesabu wapiga kengele 103 waliouawa na radi kati ya 1753 na 1786. Ndio maana wale wawili wa Bungay walikutwa pale pale, chumba cha kengele.

Sasa jibu la swali lako. Sehemu ni dharau, hilo tusizunguke, anayeandika kamusi za dunia ndiye anayechagua jina. James Kirkman, Muingereza aliyechimba magofu ya mji wa kale wa Gedi hapo jirani yako kuanzia 1948, mtu wa elimu, aliandika mwenyewe kwamba mwanzoni alikuwa anahisi kuna kitu kinamtazama nyuma ya kuta, na hakuna aliyemuita mshamba. Lakini sehemu nyengine ni umri, mwalimu. Mbwa wa Bungay hana meno tena, hakuna anayelala nje kwa sababu yake. Popobawa alipovuma Pemba na Unguja 1995 watu walikesha nje kwa makundi na moto umewashwa, na mjini Unguja kijana mmoja mgonjwa wa akili akapigwa na umati mpaka akafa, ati ndiye. Huyo kijana alikuwa mtu, ana mama. Hadithi ikiwa bado inaua siwezi kuichapisha kwenye fulana nikauzia watalii, ngoja kwanza ipoe. Ila majini ya hadithi za baharini, na yale ya Gedi, hayo kwani nani katuzuia? Vijana wa kutembeza wageni pale wanayajua, wengine wanaona haya kuyasema wakidhani mgeni atawacheka, na mgeni mwenyewe kalipa nauli ya ndege ili ayasikie.

Kuna walioniuliza kwenye jambo hili hili kuhusu hadithi za Mtume na mbwa mweusi. Hilo mpelekeeni sheikh wenu, si langu. Mimi nimejibu ya Suffolk.

Ami, nitakuwa London mwezi wa nane kwa binti yangu, inshallah. Hayo makanisa mtu anaweza kwenda akaona, hata kama si Mkristo? Na kuna lingine la kuona ama ni mlango tu? Mama Mkubwa, Mkomani.

Karibu sana mama, na safari njema. Unaingia bila shida, hakuna anayekuuliza dini, makanisa ya vijijini kule yanakuwa wazi mchana kwa wageni, ukitaka unaweka sadaka kidogo kwenye sanduku la matengenezo. Blythburgh ni kubwa mno kwa kijiji kidogo kile, limesimama pembeni ya mto na vinamasi. Ukiingia inua kichwa, darini kuna malaika wa mbao wamekunjua mabawa, na wengine walikutwa na risasi ndogo ndogo mwilini. Zamani walisingiziwa askari wa vita vya dini, siku hizi inasemekana ni watu waliokuwa wanapiga kunguru ndani ya kanisa. Mlango uko ukuta wa kaskazini.

Halafu usirudi kabla hujafika Dunwich, ni karibu tu pale pwani. Ulikuwa mji wa bandari mkubwa hasa, tufani za 1286 na 1328 zikaharibu bandari, na bahari ikaendelea kula ardhi kidogo kidogo mpaka makanisa yakaanguka moja moja kutoka juu ya genge, la mwisho limeporomoka karne ya 20. Wenyeji wanasema bahari ikichafuka unasikia kengele chini ya maji. Mtu aliyetembea Takwa, yale magofu ya mji uliohamwa kule Manda, ataelewa haraka kuliko mtalii wa London.

Treni unapanda Liverpool Street mpaka Ipswich, hapo unabadilisha, unashuka Halesworth au Darsham. Kutoka stesheni mpaka kanisani ni teksi, na mwambie binti aiagize siku moja kabla, manake kule hakuna bodaboda za kukungoja stejini.